Msimu Kalolaine Alionyamaza

Kalolaine Fakatava alikuwa akikimbia kwa masikio. Sisi tuliosoma miaka mingi baada yake katika shule ileile tulisimuliwa hivyo na walimu, na mwanzoni hatukuelewa maana yake. Katika mbio za mita mia nane hakuongoza hata siku moja mzunguko wa kwanza. Alijibanza nyuma ya msichana aliyetangulia, hatua mbili tu, akawa anasikiliza.

“Mtu akianza kuvuta pumzi mbilimbili halafu anameza mate, huyo amekwisha,” alimweleza mwalimu wake wa michezo. “Mwenyewe hajui bado. Mimi najua.”

“Sasa mbona humpiti palepale?”

“Aa, mwalimu. Namwacha aongoze kidogo. Si vizuri kumuumbua mtu mbele ya watu wote.”

Mwalimu alicheka, akasema msichana mwenye adabu za namna hiyo hatavunja rekodi ya mtu. Aliivunja akiwa na miaka kumi na saba, katika michezo ya shule zote za visiwani, mbele ya umati uliojaa mpaka juu ya kuta za uwanja. Mwalimu akasahau jibu lile. Lingefaa kukumbukwa, kwa sababu lilikuwa na ubaridi ndani yake, na ubaridi huo ulikuja kuufikia mlango wa mama yake Kalolaine.

Siku ya rekodi, majukwaa yalikuwa yakirushiana maneno tangu asubuhi.

“Enyi wa bluu! Leteni machela, wasichana wenu watazimia!”

“Sisi tunaye Kalolaine! Ninyi leteni jeneza!”

Kaka yake, Lisiate, alikuwa upande wa pili wa uwanja, katika bendi ya shule ya wavulana. Alimzidi Kalolaine mwaka mmoja, na alipuliza tarumbeta kwa nguvu ya kuweza kuangusha nazi. Mbio za wasichana za mita mia nane zilipotangazwa, aliweka tarumbeta juu ya kiti, akainuka.

“Lisiate, unakwenda wapi? Wimbo haujaisha!”

“Nakwenda chooni.”

“Mwaka jana pia ulikwenda chooni saa hii hii.”

Wenzake walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa na dharau. Kila mmoja wao alikuwa na dada. Kwetu Tonga kaka na dada wakishapevuka hawalali nyumba moja, hawakai chumba kimoja, hawataniani, na kaka hamtazami dada yake akiwa amevaa kaptura mbele za watu. Dada ndiye mwenye cheo, hata kama kazaliwa nyuma. Akiomba kitu, kaka hana pa kuliweka neno “hapana”.

Basi Lisiate alikwenda nyuma ya jukwaa, akaketi karibu na mwanamke aliyeuza matikiti, akaupa uwanja mgongo.

“Wamekwishaanza,” muuza matikiti akamwambia. “Dada yako ni wa pili.”

“Najua.”

“Umejuaje na wewe hutazami?”

“Wa bluu hawajapiga kelele. Bado anasikiliza. Ngoja... ngoja... Haya!”

Uwanja ukalipuka. Lisiate akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyekunywa maji baridi. Mbio zote za dada yake alizijua hivyo, kwa kuketi mahali asipomwona na kungoja sauti. Aliamini kwamba sauti itakuja tu, maana ilikuwa haijakosa kuja hata mara moja.

Klabu moja ya Auckland, Nyuzilandi, ilileta barua ikimtaka Kalolaine akakimbie huko. Baba yake aliisoma mara tatu, halafu akaipeleka kwa dada yake, Shangazi Tokilupe, kwa kuwa mambo ya watoto wa kaka huamuliwa na shangazi. Shangazi alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya chini, aliyeketi sikuzote mahali pa juu.

“Miguu hii ni ya nani?” aliuliza.

“Ya ukoo,” baba akajibu.

“Basi ukoo unasema ikae kwenye kiti. Miguu huzeeka kabla ya kichwa. Mpeleke Suva akasome mambo ya fedha, arudi akae benki. Mkimbiaji mnaye leo. Kesho mtakuwa mnamkanda goti.”

Hakuna aliyebisha. Kalolaine alilia siku mbili, siku ya tatu akafunga viatu vyake vya mbio kwenye gazeti, akampa binti wa jirani. Alisoma Suva, Fiji, miaka mitatu. Aliporudi aliajiriwa katika benki moja mjini, na kwa miaka kumi na mitano akapanda kutoka dirisha la kupokea fedha hadi chumba chenye mlango wa kioo kilichoandikwa Mkuu wa Mikopo.

Kazi ile aliifanya kwa masikio vilevile. Mtu aliketi mbele yake akaeleza habari za duka lake, au boti yake, au nguruwe zake, na Kalolaine akamsikiliza bila kuandika. Wenzake walishangaa jinsi alivyojua mapema ni nani hatalipa. Palu, karani aliyefanya kazi chini yake, mtu wa mizaha isiyokwisha, alizoea kusema, “Benki nyingine zinatumia kompyuta. Sisi tuna masikio ya Kalolaine, na hayahitaji umeme.”

Hakuolewa. Aliishi mjini katika nyumba ya benki yenye uzio wa waya, na kila Jumapili alikwenda kijijini Matafanga kula chakula na mama yake, Losaline, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Kiwanja cha nyumba ile kilikuwa kwa jina la Lisiate, maana ardhi kwetu humwendea mtoto wa kiume. Lisiate alikaa hapo na mkewe Vaisinia na watoto wanne. Mama alikuwa na chumba chake upande wa mashariki, chenye dirisha lililotazama tangi la maji.

Kisha Shangazi Tokilupe akafa. Katika mazishi, mikeka mizuri yote iliwekwa mbele ya Kalolaine, akaketishwa mahali pa juu, peke yake, akiwa na miaka thelathini na saba. Ndivyo watu walivyomwonyesha kwamba kuanzia siku ile neno lake katika nyumba ya kaka yake lilikuwa neno la mwisho. Vaisinia alipiga magoti akambusu mkono. Lisiate alikuwa nje, penye tanuri la kuchimbwa ardhini, akichoma nguruwe na kulia kwa moshi na kwa msiba. Kalolaine alitazama ile mikeka, akasema kimoyomoyo kwamba hajui ataifanyia nini.

Miezi minane baadaye ulikuja msimu wa maboga.

Wajapani walikuwa wakinunua maboga yetu kila mwaka, madogo, ya kijani kibichi, matamu kama viazi vitamu. Yalipandwa mwezi wa sita na wa saba, yakavunwa mwezi wa kumi, yakajazwa katika makasha ya mbao bandarini, na meli ikaja kuyachukua kabla soko la kule halijafunga. Wapo waliojenga nyumba kwa msimu mmoja, na wapo walioachwa na meli wakalisha nguruwe maboga mwaka mzima. Mwaka ule Samiu Taukolo, mwenye kampuni kubwa ya kusafirisha maboga, alipita vijiji vyote akinywa kava, kile kinywaji cha mizizi, na wazee na kuahidi bei nzuri. Wakulima sabini na wawili walikubali kumlimia.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, Palu aliingiza kichwa katika chumba cha Kalolaine.

“Bosi, kuna mtu hapa nje anatazama viatu vyake kama vinataka kumtoroka.”

“Nani?”

“Kaka yako. Kavaa mkeka mpya wa heshima kiunoni, nadhani anataka kutuoa wote.”

Kalolaine aliinuka, akamwingiza Palu, akausukuma mlango ukafungika. Kupitia kioo aliona bega la Lisiate, kisha halikuonekana tena. Alikuwa amehamia upande wa pili wa ukumbi.

“Anataka nini?”

“Mkopo wa pa’anga elfu kumi na nane. Mbegu, mbolea, kukodi trekta. Maboga ya Taukolo. Rehani ni kiwanja cha Matafanga.”

“Kiwanja cha nyumba?”

“Ndicho alicho nacho.”

“Faili hilo shika wewe, Palu. Mimi siligusi.”

“Kanuni, eeh? Mtu asishughulikie mkopo wa ndugu yake.”

“Kanuni,” alisema Kalolaine. “Na heshima.”

Siku hiyo alijisikia msafi. Alikuwa ametimiza sheria mbili kwa tendo moja.

Wiki iliyofuata Samiu Taukolo alikuja mwenyewe kuomba mkopo wa kampuni uongezewe muda. Alinukia manukato, akaketi kabla hajakaribishwa.

“Kalolaine! Bado unakimbia?”

“Siku hizi nakaa tu, Bwana Taukolo.”

“Kaa, kaa. Ukiinuka wewe, sisi wenye madeni tutakimbilia wapi?”

Alicheka kwa sauti kubwa. Kicheko kilipokwisha, alivuta pumzi, akavuta nyingine juu yake, akameza mate.

Taukolo alipoondoka, Kalolaine alifungua hesabu za kampuni, akazisoma kuanzia mwaka uliopita. Hati ya malipo ambayo wanunuzi wa Japani huituma kabla ya upandaji haikuwapo. Meli ya mwaka jana ilikuwa haijalipwa, na wenye meli walikuwa wameandika barua tatu. Kila fedha ya mbegu na mbolea iliyoingia kutoka kwa wakulima wapya ilitoka siku ileile kwenda kuziba shimo la zamani. Alizifunga hesabu zile akijua, kama alivyokuwa akijua uwanjani, kwamba mtu huyu hatafika kwenye kona.

Alikwenda kwa meneja wa tawi, mtu mpole aliyehamishiwa kwetu kutoka makao makuu, akamweleza.

“Nakuamini,” meneja alisema. “Lakini tukimfungia leo, anaanguka leo, na fedha zetu zinakwenda naye. Tukimpa msimu mmoja, huenda meli ikaja.”

“Na isipokuja?”

“Kalolaine, yanayosemwa humu ndani yanabaki humu. Siri ya mteja. Ulitia saini siku ya kwanza, na mimi pia.”

Alirudi chumbani kwake akaangalia kalenda. Mkopo wa Lisiate ulikuwa umeidhinishwa, ila fedha zilikuwa hazijatoka. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Katika siku hizo tisa karatasi ingeweza kuchanwa, na kiwanja kikabaki kama kilivyokuwa, pamoja na nyumba, tangi la maji na chumba cha mama. Wala hakuhitaji kutoa siri ya mtu yeyote. Dada hadaiwi sababu. Ilitosha aseme, “Usilime maboga mwaka huu,” nukta, na Lisiate angeweka jembe chini bila kuuliza. Hilo alilijua vizuri kuliko alivyojua kanuni zote za benki.

Lakini angelisemaje? Kumwita kaka mtu mzima, baba wa watoto wanne, amketishe mbele yake amwambie kakosea, lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kuliona likifanywa tangu azaliwe. Kumpitishia Vaisinia lilikuwa baya zaidi. Lingekuwa kumvua kaka nguo mbele ya mkewe. Na Lisiate alikuwa amekwisha kuwatangazia wazee kwenye kava kwamba mwaka huu analima ekari nane. Kurudi nyuma sasa kungemfanya kichekesho cha kijiji.

Jumapili ikafika. Baada ya ibada, Kalolaine aliketi mkekani na mama na Vaisinia, mbele yao magimbi na nyama ya kopo iliyofungwa katika majani na tui la nazi. Lisiate alikuwa nje na watoto, penye jiko, kama ilivyokuwa kila Jumapili.

“Wifi, mbona umekonda?” Vaisinia alianza. “Benki hawawapi chai?”

“Wanatupa. Biskuti ndiyo wanahesabu.”

“Kaka yako naye heshima zake zinachosha! Jana kaniamuru nifue mashuka yote kwa sababu eti dada anakuja kula. Nikamwambia, kwani wifi anakula mashuka?”

Mama alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akatazama dari, mahali palipopakwa rangi upya. “Marehemu aliezeka hii nyumba mwenyewe,” alisema. “Humu atanitoa Mungu tu.”

“Hata mie namwambia Lisiate, punguza ekari, woga unaniua,” Vaisinia akaendelea, akimwongezea Kalolaine magimbi. “Hataki. Anasema fomu imepita benki kwa dada. Maadamu dada yupo pale, yeye analala usingizi.”

Kalolaine aliirudisha nyama sahanini. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliuona mgongo wa kaka yake. Alikuwa ameinama akifukua majivu, na kichwa chake kilikuwa kimeinama kidogo upande wa nyumba, kama cha mtu anayesubiri kuitwa.

“Mwambie...” Kalolaine alisema.

“Nimwambie nini, wifi?”

Mama alimgeukia. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

“Mwambie chakula kimepikwa vizuri.”

“Lisiate!” Vaisinia akapaza sauti. “Dada anasema chakula kizuri!”

Lisiate aliinua mkono juu bila kugeuka, akaendelea kufukua majivu.

Siku ya tisa Palu alitoa fedha. Kalolaine alikuwa amefunga mlango wake.

Na maboga yakastawi. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulivumilia. Mvua ilinyesha ilipotakiwa na kuacha ilipotakiwa, wadudu hawakuja, majani yakafunika ekari nane za Lisiate kama mkeka mmoja usio na mshono. Wazee walisema hawajaona mwaka kama ule. Kila Ijumaa, akirudi kutoka tawi dogo la upande wa mashariki, Kalolaine alipita kando ya shamba hilo kwa gari la benki, na kila Ijumaa alimwona kaka yake katikati ya kijani kile, akiwa amesimama wima, akilitazama gari mpaka lipotee. Kalolaine hakusimama. Hati ya Japani ilikuwa bado haijaja mwezi wa saba. Mwezi wa nane wenye meli waliandika barua ya nne. Mwezi wa tisa Taukolo aliacha kuja benki mwenyewe, akawa anamtuma dereva.

Kalolaine alianza kukosa hamu ya kula. Palu alimtania kwamba ana mchumba, kisha akaacha kumtania.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi, gari dogo la mizigo lilisimama mbele ya benki, na Vaisinia akashuka na gunia. Kitu cha kwanza kutoka shambani, na kilicho bora, hupelekwa kwa dada. Yalikuwa maboga kumi na mawili, yamefutwa vumbi moja moja kwa kitambaa.

“Kaka yako kayachagua siku mbili!” Vaisinia alisema mbele ya ukumbi mzima. “Mimi mkewe sijawahi kuchaguliwa hivyo!”

Wateja walicheka. Kalolaine alishukuru kwa maneno yanayostahili. Aliyabeba maboga hadi nyumbani, akapika moja, akalila lote, na lilikuwa tamu.

Makasha yalijaa bandarini katikati ya mwezi. Yalipangwa matatu juu ya matatu, safu baada ya safu, mpaka watu wakawa wanapita kati yake kama kwenye vichochoro. Meli ilisemekana itafika Jumanne. Kisha ikasemekana Jumatatu inayofuata. Wakulima waliketi juu ya makasha yao wakicheza karata na kutukanana kwa furaha.

“Meli imesimama Fiji inanunua viazi!”

“Nahodha kamwona mke wako, kageuza!”

Wiki ya pili mizaha ilipungua. Wiki ya tatu jua lilikuwa kali, na harufu ikaanza, nyepesi mwanzoni, tamu kidogo, kama ya pombe. Ilivuka barabara ikaingia sokoni, ikapanda hadi madirisha ya benki. Palu alifunga madirisha. Maji meusi yalianza kutiririka chini ya makasha ya safu ya kwanza. Siku hiyohiyo mtu aliyetumwa nyumbani kwa Samiu Taukolo alikuta mlinzi peke yake, akaambiwa bwana amesafiri kwenda Auckland kutibiwa mgongo. Matingatinga ya bandari yaliyasukuma maboga kwenye malori, na malori yakayamwaga shimoni. Lisiate aliyashusha yake mwenyewe, kasha kwa kasha. Hakutaka mtu mwingine ayashike.

Benki ilingoja miezi mitatu kama sheria inavyotaka. Barua za kushika rehani zilikuwa sabini na mbili. Sabini na moja Kalolaine alizitia saini mwenyewe, kwa mkono ulionyooka. Ya sabini na mbili ilitiwa saini na Palu, kwa kuwa kanuni ni kanuni.

Kalolaine alitoa akiba yake yote kulipia mkopo wa kaka yake. Ilimaliza riba na sehemu ndogo ya deni, ikaishia hapo. Kwetu ardhi haiuzwi, lakini benki inaweza kuishika na kuikodisha mpaka ijilipe, na kiwanja cha Matafanga kilikodishwa miaka kumi na mitano kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Siku ya kuhama, mama Losaline alikuwa bado anakunja mashuka yake wakati mifuko ya saruji ilipoanza kuingizwa chumbani kwake. Alisogea tu, awapishe.

Mama, Vaisinia na watoto walikuja kukaa na Kalolaine mjini. Lisiate hakuweza. Paa moja halifuniki kaka na dada. Aliomba nafasi kwa binamu yake, nyumba ya tatu kutoka pale, akalala barazani.

Wiki mbili baadaye, saa kumi jioni, alikuja hadi kwenye uzio wa waya akiwa na begi. Kalolaine alimwona kutoka dirishani. Alitoka nje, akasimama upande wake wa waya. Lisiate aliigeukia barabara, yeye akaugeukia mnazi wa jirani. Walikuwa hawajasimama karibu hivyo tangu utoto wao.

“Nimekuja kumuaga mama,” Lisiate alisema. “Nimepata kazi ya kuchuma matunda, Nyuzilandi. Ndege ni Alhamisi.”

“Kaka, mimi...”

“Sikuja kukulaumu, dada.”

Lori lilipita. Alingoja limalize kupita.

“Mjini kuna benki tatu,” alisema taratibu. “Ile ya pale juu ina riba ndogo. Nilikuja yenu.”

“Nilijua umekuja.”

“Nilipita mlangoni kwako mara nne. Mara ya nne nilikohoa.”

“Nilisikia.”

“Basi nikasema, kama jambo hili lina ubaya, dada atanikataza. Dada anajua hesabu, na dada ni dada. Kila Ijumaa gari lilipopita nilisimama mahali pa wazi, ili ukitaka kusimama usipate taabu ya kunitafuta.” Alibadili begi mkono. “Hukusema. Nikajua ni salama.”

Kalolaine alishika waya. Kwa miezi tisa alikuwa amejiambia kwamba anamsitiri. Sasa aliona alichokuwa akikifanya, na kikamtia hofu kuliko harufu ya bandarini. Wanaume kumi na wawili kati ya wale sabini na wawili walikuwa wamekwisha kwenda kuchuma matunda, na wawili tayari walikuwa wameacha kutuma barua. Alimwona mama ndani, juu ya kitanda cha kukopa. Aliwaona watoto wanne. Akaapa moyoni kwamba hatanyamaza tena, na hakujipa muda wa kujiuliza kama neno lenyewe ni jema.

“Usiende,” alisema.

Lilikuwa neno la kwanza la amri alilowahi kumpa kaka yake. Lilitoka kwa urahisi wa kutisha.

Lisiate akaliweka begi chini, kando ya mguu.

“Ndiyo, dada,” alisema.

Ndege iliondoka Alhamisi bila yeye. Kazi ile ilichukuliwa na mtu wa kijiji kingine. Mjini hakukuwa na kazi kwa mtu wa jembe, na ardhi hana. Hakulalamika, wala hakutafuta njia nyingine ya kwenda. Alikuwa ameambiwa akae, akakaa.

Mpaka hivi ninavyoandika, kila asubuhi Kalolaine anapochukua mkoba wake kwenda benki, Lisiate huwa amesimama ng’ambo ya barabara, kaoga, kavaa mkeka kiunoni, kaangalia pembeni. Vaisinia hutoka kumpelekea chai, hurudi, na kusimama mlangoni akifuta mikono. Siku hizi hatanii.

“Wifi,” husema, “Lisiate anauliza leo afanye nini.”